Mwenye Wimbo wa Gaju

Inanga ilikuwa imeibwa, na tayari kulikuwa na mtu kwenye kasho la polisi.

Ndivyo Inspekta Adrienne Kaswera alivyoikuta kesi asubuhi ile ya Ijumaa, kwenye redio ya jamii pale Masisi. Alifika amenuna. Kesi ya mauaji ya barabara ya Walikale alikuwa amepewa mwenzake, mwanaume aliyeingia polisi baada yake, na yeye akatumwa kutafuta ubao wenye nyuzi wa kupigia muziki. Wivu ulikuwa umemkaba tangu alipopanda pikipiki, wala hakujisumbua kuuficha: alipoingia tu aliuliza habari za ubao.

"Ubao?" Valérie, mtangazaji, alimshika mkono. "Mama Inspekta, usiseme vile mbele ya bantu! Ile inanga ya Papa Straton njo roho ya redio yenyewe. Kesho kipindi yetu ya 'Ngoma za Kwetu' inapita moja kwa moja hewani. Waimbaji wanatoka Kalembe, wengine Walikale kabisa. Wote wanakuja kusikia 'Gaju'."

Nani hakuujua "Gaju"? Wimbo wa ng'ombe aliyepotea njiani siku watu walipokimbia vita, na mwenye ng'ombe akarudi peke yake kumwita kwa jina. Hata shangazi yake Kaswera kule Butembo aliuimba dukani, maneno akiyakosea yote.

Kaswera alikagua mlango wa studio. Inanga iliachwa humo Jumatano kwa kujaribu mitambo, na Alhamisi jioni haikuonekana. Kufuli lilikuwa zima, kitasa hakina mkwaruzo, vyuma vya dirisha havikuguswa. Alama za vidole zilikuwa za redio nzima, hazikusaidia kitu. Funguo zilikuwa mbili. Ya Valérie ilikuwa Goma pamoja naye tangu Jumatano hadi asubuhi ile. Ya pili alikuwa nayo Élie, fundi wa mitambo, na ndiyo maana Élie alilala kasho.

"Kesho asubuhi anaenda parke, Goma," kamanda alikuwa amesema. "Maliza haraka."

Kaswera alijua maana yake. Kijana akishapandishwa gari la kwenda kwa waendesha mashtaka, faili hulala na yeye hulala nalo. Mke wa Élie alikuwa amekaa nje ya kasho na sahani ya maharagi iliyofunikwa, na mimba yake imefika mwishoni.

"Uliiba?" Kaswera alimuuliza Élie kupitia nondo.

"Hapana."

"Watu wanasema uliapa utaivunja."

"Niliapa."

"Loo! Kwa nini?"

"Mambo ya wivu, Mama Inspekta. Nitakudanganya nini? Zamani, saa ile ya Jumamosi ilikuwa ya gitaa yangu. Papa Straton akakuja na 'Gaju', mimi nikasukumwa asubuhi, saa bantu bako mashambani. Nilikuwa nasikia watu wanapiga simu, 'Straton, Straton', na mimi njo nafungua mikro yake. Ilikuwa inaniuma huku." Alijigusa kifua. "Lakini inanga sikugusa."

Mwizi huficha wivu wake kwanza, halafu ndipo anaficha kitu. Huyu aliutoa wote nje kama mtu anayekung'uta mfuko. Na zaidi ya hapo, aliongea maneno ambayo Kaswera mwenyewe alikuwa ameyameza njia nzima.

Akarudi studio.

Kuta za studio zilifunikwa mikeka ili sauti isirudi. Chumba kilinuka unyevu, kama kila chumba cha Masisi wakati wa mvua. Lakini Kaswera alipoegemea ukuta, mkeka ulikuwa mkavu na ulinuka jua. Na karibu na kona, sehemu moja ya ukuta ilikuwa wazi.

Alimwita Papa Léopold, mlinzi.

"Jana nani aliingia humu?"

"Hakuna mutu, Mama. Ni Élie tu."

"Mikeka hii ilianikwa na nani?"

"Aa, ile! Ni Mama Verdiane, bibi ya Papa Straton. Kila Alhamisi anakujaga kuanika. Élie anamufungulia, anamuacha peke yake, anaenda kuweka mafuta kwa jenereta."

"Umeniambia hakuna mtu."

Mzee alishangaa kweli. "Lakini yule si mutu wa inje, Mama. Ni Mama wa mikeka."

"Na ule wa kwenye kona?"

"Ulipasuka. Aliuviringisha, akaenda nao kwake kushona."

"Ulikuwa mzito?"

"Sijue. Alibeba kwa kichwa."

Kaswera alipanda pikipiki akaelekea kilimani, nyumbani kwa Straton.

Straton alimpokea mlangoni, mzee mrefu, koti limefungwa vifungo vyote. Hakumuacha hata akae.

"Mumemupiga huyu Élie vizuri? Asema ameweka wapi! Ile inanga ilikuwa ya baba yangu. Na hii mvua! Inanga haikae kwa baridi, nyuzi zake ni mishipa ya ng'ombe, zinalegea, zinaoza. Inapaswa kutundikwa juu ya moto kila siku, na studio niliiacha usiku mumoja tu. Sasa inakufa, na kesho bantu bote bananingojea miye."

"Wanakungoja wewe," Kaswera alirudia.

"Miye. Nani mwingine?"

Mkewe aliingia. Mama Verdiane alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana, macho mekundu. Nyumba ile ilikuwa na polisi aliyekuja kwa kesi nzito, lakini mgeni ni mgeni, hatoki mikono mitupu. Aliweka kibuyu cha maziwa na kipande cha jibini kwenye sahani.

"Kula, dada. Fromaje ni yangu."

Maziwa yalinuka moshi. Hilo lilikuwa la kawaida, vibuyu vyote vya milima ile hufukizwa. Kaswera akauma jibini. Nayo ilinuka moshi.

Akatafuna taratibu. Alikuwa amekula jibini ya Masisi tangu utoto, baba yake alikuwa akiipeleka kuiuza Butembo. Kitu cha kwanza ambacho wenye kuitengeneza hukataza ni moto ndani ya nyumba inamokomaa.

Straton naye alikuwa amechukua kipande. Akakunja uso. "Fromaje gani hii, Verdiane? Imeharibika. Hata kazi yako hii moja inakushinda sasa?"

Mama Verdiane alikiondoa kipande mkononi mwake, akakirudisha kwenye sahani.

"Papa, huwa unaingia kwenye nyumba ya fromaje?" Kaswera aliuliza.

"Miye? Ile ni ya wanawake."

"Mama Verdiane, unipeleke."

Mama alitangulia bila kubishana. Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo nyuma ya zizi. Ndani, jibini zilipangwa kwenye mbao, nyingine zimeshaanza kuwa na rangi ya kahawia. Katikati, moto mdogo. Juu yake, kwenye boriti, ilining'inia inanga, nyuzi zake zimekaza. Mkeka uliopasuka ulikuwa umekunjwa kando.

Straton alipiga ukelele. "Yesu wangu! Wewe? Bibi yangu mwenyewe?"

"Mama," Kaswera alisema polepole, "uliichukua?"

"Niliichukua."

"Ulitaka kuiharibu?"

"Nilitaka kuichoma. Nilileta kuni hapa. Nikaiangalia, nikashindwa. Halafu ikaanza mvua, nikasikia nyuzi zinalegea, nikaitundika." Alijifuta uso kwa kitenge. "Fromaje yote ya wiki hii imeharibika. Nilijua. Nikaacha iharibike."

"Kwa nini?"

"Muulize nani alitunga 'Gaju'."

Straton alinyoosha mkono kuishusha inanga.

"Muulize, dada! Gaju alikuwa ng'ombe ya nani? Yangu, baba alinipa. Nani alirudi njiani kumwita, risasi zinalia? Huyu alikuwa amekimbia mbele na koti yake! Niliimba ile wimbo humu ndani, miaka mingi, nakamua hii fromaje. Akaichukua, akaiwekea nyuzi. Sikukasirika. Tuko nyumba moja. Nikasema, siku moja atataja jina yangu. Kila Jumamosi nawasha redio, nangojea. Valérie anamuuliza, 'Papa, uliitunga namna gani?' Anasema, 'Nilikuwa peke yangu kwa mulima, na ng'ombe.' Peke yake! Bantu banapiga simu toka Walikale, banalia. Banalilia ng'ombe yangu, banamushukuru yeye. Na miye ninaanika mikeka."

Aliupiga teke mkeka uliopasuka. "Wivu ulinikula, dada. Njo ile tu."

"Na Élie? Mke wake anakaribia kuzaa, kesho mumewe anapelekwa Goma."

Hapo Mama Verdiane alijifunika uso. "Sikujua watamukamata. Usiku wote niliogopa kusema. Hilo kosa ni yangu, sitalikataa."

Straton alikohoa. Alikuwa ameshaishusha inanga, ameikumbatia. "Mama Inspekta, hii ni mambo ya nyumba. Ninaondoa malalamiko. Élie atoke, miye kesho nipige, yote iishe." Akamgeukia mkewe. "Ila hayo maneno ya wimbo yabakie humu. Usiniaibishe kwa redio. Ukinyamaza, hakuna kesi."

Kaswera alimgeukia Mama Verdiane. Lilikuwa jambo jepesi, na kamanda angelifurahia. Kwa mara ya kwanza siku ile alisahau kabisa kesi ya mwenzake.

Mama Verdiane akazima moto kwa maji, akafunga kitenge vizuri, akanyoosha mikono miwili mbele ya Kaswera.

"Twende."

"Verdiane!" Straton alisema. "Una kichaa? Utaenda kasho?"

"Kule wataniuliza kwa nini niliiba. Nitawaambia."

Mchana ule Élie alitoka. Mkewe alimpiga kofi la furaha, halafu akamlisha maharagi yaliyopoa, pale pale uani, watu wakitazama.

Ofisini Kaswera alichukua karatasi na kalamu. Nje ya dirisha Valérie alikuwa amesimama, ameshasikia habari, mikro mkononi.

"Jina?"

"Verdiane."

"Kazi? Niandike mtengeneza fromaje?"

"Hapana," Mama Verdiane alisema. "Andika mtunzi wa nyimbo. Halafu andika na kosa."