Machungwa ya Mgonjwa

Katika nyumba ile ya kupanga, siku hizo vitunguu vilinunuliwa zaidi kuliko mkate. Kila asubuhi, kabla Kitone hajavaa sare ya shule, mama yake alikuwa ameshakaa kwenye kigoda uani, kisu mkononi, anakata. Alikata vya mchuzi, akakata na visivyo vya chochote. Wapangaji wenzake waliopita na ndoo za maji walimcheka.

"Mama Kitone, leo tena? Hivyo vitunguu vimekukosea nini?"

"Ni vikali hivi, shoga yangu, we acha tu," mama alijibu, akijifuta machozi kwa kiwiko.

Kitone aliendelea kupiga mswaki pembeni. Alijua kwamba vitunguu havikuwa na kosa lolote. Baba yake alikuwa amefariki, na mama hakuwa na ruhusa ya kumlilia.

Baba huyo, mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi. Alipaka nyumba za watu maisha yake yote, na kucha zake hazikuwahi kumaliza wiki na rangi moja. Binti yake alimpa jina la Kitone kwa sababu, alisema, mtoto huyo alimdondokea moyoni kama tone la rangi, akasugua weee, halikutoka. Alitamani kitu kimoja tu: siku moja apake ukuta ulio wake.

Nyumba ikapatikana. Mkunga mmoja mstaafu alikuwa anauza nyumba yake ndogo ya vyumba vitatu ili akaishi na mwanawe. Baba hakumwendea na pesa mfukoni kama wengi wafanyavyo. Alikwenda kwanza kwa wakili.

Mdogo wake alicheka mpaka akashika mbavu. Kitone alimwita Baba Mdogo, lakini watu wengine wote walimwita Najua, maana hakuna jambo ungemwambia asikujibu, "Najua, najua," hata kama ulikuwa unamwambia suruali yake imechanika nyuma.

"Kaka, unanunua nyumba au unanunua wakili?" alimtania. "Mkunga unamfahamu, nyumba unaiona. Sheria ya nini?"

"Ukuta ukiwa na unyevu ndani, mimi nitakwambia hata sijaugusa," baba alijibu. "Lakini nyumba ikiwa na mkopo au kesi, nitaionea wapi? Hiyo nayo ina fundi wake."

Wakili alikuwa mwanamke mrefu, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Alikwenda ofisi ya ardhi, akahakikisha kwamba nyumba ni ya mkunga kweli, haina deni wala mgogoro. Akaandika mkataba, baba na mkunga wakatia sahihi mbele yake, na pesa zikalipwa. Ikabaki hatua moja tu: baba atie sahihi kwenye hati ya uhamisho, ili nyumba iandikwe kwa jina lake.

Hapo ndipo kifua kilipombana. Akapelekwa kijijini kwa mama yake akauguzwe, na hakurudi. Wakamzika hukohuko, mbali na macho ya mtaa.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi Najua alipowaita kando Kitone na mama yake.

"Sikilizeni," alisema kwa sauti ya chini. "Wakili akijua kaka hayupo, nyumba imekwenda na maji. Tukirudi mjini tuseme bado anaumwa. Sahihi yake mimi naiweza."

"Na msiba, shemeji?" mama aliuliza. "Nisimlilie mume wangu?"

"Utamlilia baadaye. Nyumba haisubiri."

Mama alikuwa amechoka kiasi kwamba ungemwambia jua limebadilisha upande wa kuchomoza, angekubali. Akakubali. Wakarudi mjini na nguo zao za kila siku, nyuso wamezikaza, na mama akaanza kukata vitunguu.

Basi siku hati ilipokuwa tayari, Najua alimngojea Kitone kwenye lango la shule.

"Leo unakwenda nami kwa wakili," alisema. "Mtoto akisema, watu huamini. Akikuuliza hali ya baba, utajibu nini?"

"Anaendelea vizuri."

"Mbona unasema kama umeng'olewa jino? Tabasamu kidogo. Ee, hivyo. Hapana, sasa umezidisha, utadhani umeolewa!"

Siku nyingine Kitone angecheka. Siku hiyo alitembea akiyatazama mawe ya barabarani, akiombea ofisi iwe imefungwa.

Haikuwa imefungwa. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la madaftari, kina makabati ya chuma, viti vitatu, na feni yenye upendeleo: ilimpepea wakili tu, wageni ikawaachia joto lao.

"Fundi hajambo?" wakili aliuliza.

"Hajambo kabisa!" Najua alijibu haraka. "Ameshatoka kijijini, yuko nyumbani kitandani. Miguu ndiyo bado. Nipe hiyo hati nimpelekee, nitakurudishia kabla hujafunga."

Wakili akamgeukia Kitone, akainama kidogo. "Baba anaendelea vizuri, mwanangu?"

Kitone aliitazama feni. Macho ya Baba Mdogo yalimchoma ubavuni.

"Anaendelea vizuri," alisema.

Maneno mawili tu, lakini aliyasikia yakianguka kama yale mabonge ya udongo kule kijijini. Akaona kama amemfukia baba yake mara ya pili, safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimefurahi," wakili alisema. "Ila hati hii haitoki bila mimi. Sahihi ya mteja wangu lazima niione ikitiwa. Yeye hawezi kuja, basi nitamfuata mimi." Akatia hati mkobani, na kalamu, na kidau cha wino. "Mkono wake ukitetemeka, ataweka dole gumba. Twendeni."

Najua alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Jua kali, Mama Wakili."

"Nina mwavuli."

"Nyumbani hapajafagiwa!"

"Mimi sikuajiriwa kukagua ufagio, baba. Tangulia."

Wakashuka ngazi. Najua alitangulia, jasho likimtiririka, akitembea polepole kama anayepelekwa kunyolewa kwa chupa. Kitone alifuata. Alihesabu kichwani kona zilizobaki kabla ya kufika kwenye chumba ambacho hakuna mtu kitandani.

Penye kona ya soko wakili alisimama mbele ya muuza matunda.

"Siingii kwa mgonjwa mikono mitupu," alisema. "Kitone, wewe ndiye unayemjua baba. Anapenda machungwa matamu kabisa, au yenye ukali kidogo?"

Muuza matunda alikuwa ameshaanza kujaza mfuko. Akaunyoosha, na Kitone akajikuta ameupokea.

Jibu alikuwa nalo. Yenye ukali. Baba aliyafyonza huku amefumba jicho moja, kisha akasema ovyo, yanafaa kutupwa, na mkono ukaenda kuchukua jingine. Kitone aliuhisi uzito wa mfuko ukimvuta vidole. Machungwa haya atampa nani? Na kesho wakili akiuliza kama mgonjwa ameyapenda, atabuni jibu jingine, na keshokutwa jingine tena?

"Mama Wakili, yarudishe," alisema. "Baba hayupo. Amefariki, tumeshamzika. Nilikudanganya."

"Huyu mtoto!" Najua aliruka. "Jua limempiga, hajui asemalo!"

Wakili hakumtazama. Aliuchukua mfuko mikononi mwa Kitone, akauweka chini, akaketi kwenye benchi la muuza matunda na kumvuta mtoto karibu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana."

Tangu warudi mjini hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo. Kitone alilia mpaka kola ya sare ikalowa. Muuza matunda, kwa kukosa pa kutazama, alichukua chungwa moja akalifuta kwa kitambaa mpaka likang'aa kama la kuchorwa.

"Umeipoteza nyumba ya baba yako," Najua alimwambia Kitone. Sauti yake haikuwa na hasira tena. Alikuwa karibu kulia yeye mwenyewe.

"Angenyamaza ndipo angeipoteza," wakili alisema. "Kutia sahihi ya mtu aliyekufa ni kughushi. Siku yoyote mtu angeuliza: huyu alizikwa lini, na alitia sahihi lini? Hati ingefutwa, hawa wangetolewa nje na vyombo vyao, na wewe ungekwenda jela. Mkataba aliousaini kaka yako akiwa hai haukufa naye. Haki yake imehamia kwa mkewe na mtoto wake. Mahakama itamteua msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayekamilisha. Ni safari ndefu, lakini ipo. Ungeniuliza, ningekwambia."

Najua alijifuta jasho. "Sikujua," alisema hatimaye, na Kitone hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Walifika nyumbani watatu. Mama alipomwona wakili mlangoni, na macho ya bintiye yalivyovimba, alielewa. Kisu kikamdondoka, akaketi chini akapiga ukelele uliokuwa umemkaba siku zote zile. Wapangaji wakaja mbio, pamoja na yule aliyemcheka asubuhi.

"Shoga yangu!" alisema huyo, akimkumbatia. "Ulikuwa unalia peke yako, na mimi nakukenulia meno?"

Jioni hiyo msiba ulikaliwa uani, umechelewa lakini umekaliwa. Watu walimsimulia Fundi Rangi: jinsi alivyowahi kupaka mlango wa jirani asiye na pesa, jinsi alivyoimba vibaya juu ya ngazi. Kitone aliwasikiliza wote.

Mkunga alipoelezwa na wakili, alikubali kungoja. "Nimepokea watoto wengi waliochelewa," alisema. "Nyumba kuchelewa hainitishi."

Mambo ya mahakama yalikwenda taratibu kama alivyosema. Kitone aliingia darasa jingine, viatu vyake vikambana, ndipo mama, aliyeteuliwa kuwa msimamizi, akaitwa ofisini kwa wakili kutia sahihi. Wakili aliwasomea hati polepole. Kitone alisikiliza hadi mwisho.

"Jina la baba halimo?" aliuliza.

"Halimo, mwanangu," wakili alijibu. "Jambo hilo siwezi kulirekebisha." Akavua miwani. "Lakini nyumba hii hakuna atakayewatoa, kwa sababu kila kilichoandikwa humu ni kweli. Ukimpa mtu kazi yako, iwe wakili au daktari au mwalimu, mpe na ukweli wote, hata ule unaokuuma. Akifichwa jambo moja, atakupoteza huku anadhani anakusaidia."

Mama alimgeukia Kitone walipofika mbele ya mlango wa nyumba, ufunguo mkononi.

"Na langu ni hili," alisema. "Nyumba ilitusubiri. Baba yako ndiye tuliyemficha, kama mtu aliyefanya la aibu, na siku zile hazirudi. Mimi mkubwa nilikubali uongo, nikakubebesha wewe mdogo. Nisamehe. Na mtu mzima yeyote akikutuma kusema uongo, hata kama ni mimi, kataa."

"Nimekusikia, mama."

Ufunguo uligoma kidogo, kisha ukazunguka. Ndani hapakuwa na kiti wala mkeka. Mama alikwenda mpaka katikati ya chumba cha kwanza, akaketi sakafuni, akalia kwa sauti, na kuta zikamrudishia kilio chake. Kitone aliketi karibu naye, bega kwa bega. Mlango waliuacha wazi.