Fundi Kesho na Kiatu cha Soli Nene

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipitia chumba cha kazi cha baba yake kumfungulia dirisha. Jina lake halisi alilitumia mwalimu tu. Kwa wengine wote alikuwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake alikuwa fundi viatu, na yeye naye mtaani alikuwa na jina lake. Walimwita Fundi Kesho.

Ungeingia mle chumbani usingeuliza kwa nini. Viatu vilijaa kwenye rafu, vikashuka sakafuni, vikapanda mpaka dirishani. Vilikuwemo hata viatu vya bwana harusi mmoja ambaye sasa alikuwa na watoto wawili.

"Fundi, viatu vyangu vipi?" mteja akiuliza.

"Kesho, mama. Mungu akipenda, kesho."

"Haya! Hiyo kesho yako haina mwisho?"

Viatu vya Chiriku mwenyewe vilikuwa vimeachama mbele, vidole vinachungulia. Mganga hajigangi, mama yake alizoea kusema, lakini siku hizi alisema bila kucheka.

Ijumaa moja, kwenye dawati lao, Chiriku alikaa peke yake tena. Rafiki yake Kibibi, aliyepewa jina hilo kwa kuongea kama mtu mzima, hakuwa amefika shule wiki nzima. Mtihani wa kumaliza mwaka ulikuwa unaanza Jumatatu. Walipotoka darasani, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwao.

Alimkuta amekaa kitandani, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu. Mguu wa kushoto wa Kibibi ulikuwa mfupi kidogo kuliko wa kulia, kwa hiyo kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli nene. Soli hiyo ilikuwa imebanduka.

"Nikitembea bila hicho kiatu, nyonga inawaka moto," Kibibi alisema. "Kiko kwa baba yako. Chiriku, niambie ukweli. Baba yako ana kinyongo na sisi?"

Chiriku aliutazama ule mguu mtupu.

Mama yake Kibibi alikuwa akipiga pasi pembeni. "Mimi hata simlaumu," alisema. "Nilimwambia mwenyewe, 'Fundi, haraka haraka haina baraka, fanya kwa nafasi yako.' Sikutaka kumbana."

Chiriku alitoka mbio mpaka kwa baba yake, amejaa hasira. Alimkuta amekaa mbele ya meza. Kiatu cha Kibibi kilikuwa mezani. Kisu, sindano, uzi na chupa ya gundi vilikuwa vimepangwa vizuri. Chupa haikuwa imefunguliwa.

"Umekula, Baba?"

"Bado. Nilitaka kwanza nianze hiki."

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipofungua dirisha."

"Baba! Kibibi atakosa mtihani! Wewe ni mvivu tu, ndiyo maana wanakuita Fundi Kesho!"

Baba hakumkemea. Alikiangalia kile kiatu tu, macho yamemlegea kwa uchovu. Chiriku akaona afadhali angekemewa.

Mara akaingia dereva wa lori akirukaruka kwa mguu mmoja, kandambili yake ya ngozi imekatika ukanda.

"Fundi, niokoe! Lori linanguruma barabarani na mimi nimesimama kama korongo!"

"Lete. Kaa hapo."

Sindano ikaanza kukimbia. Dereva hakuwa hata amemaliza kulalamikia matope ya njiani, ukanda ulikuwa umeshashonwa, imara kuliko ulivyotoka dukani. Akashukuru, akaondoka. Mikono ya Baba ikarudi mapajani, ikatulia.

Chiriku aliona yote. Jamani, mtu mvivu hashoni hivyo. Alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Baba, ya dereva umewezaje?"

"Alikuwa hapa hapa, ananitazama. Mwanangu, hiki kiatu nakijua. Najua pa kuanzia, najua pa kumalizia. Naiambia mikono yangu, shika kisu. Mikono haiji. Basi naona aibu, na aibu inanichosha kuliko kazi. Jioni nafunga mlango sijafanya kitu, na nimechoka kama niliyebeba magunia."

"Imeanza lini?"

"Nikiwa mdogo kuliko wewe. Nilichapwa sana. Nilidhani nikikua itaniacha."

Chiriku aliitazama ile rafu. "Vya wanaosubiri unavitengeneza," alisema polepole. "Vinavyolala ni vya wanaoviacha na kukwambia hawana haraka."

"Wanakuwa wamenionea huruma," alisema Baba.

"Basi ngoja."

Alirudi mbio kwa kina Kibibi. Haikupita muda, mama yake Kibibi akafika akisukuma baiskeli, Kibibi juu ya keria akinung'unika kwamba watu wanambeba kama gunia la mkaa. Wakamkalisha kwenye kiti cha wateja, mguu mtupu mbele.

"Shikamoo, Baba Chiriku."

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe."

"Nimekusamehe. Ila nasubiri, na nina haraka."

"We mtoto, usimbane fundi!" mama yake alifoka.

"Mwache ambane, mama," Chiriku alisema. "Leo mwache."

Baba alishusha pumzi. Mkono wake ulikaribia kisu, ukasita.

"Unaanza na nini?" Kibibi akauliza.

"Na kukwangua gundi ya zamani."

"Haya, kwangua nione."

Baba akashika kisu, akakwangua. Baada ya hapo kazi ilijiendea yenyewe.

Mama yake Chiriku alirudi kutoka hospitali alikofua mashuka kutwa, akakaa kizingitini na miguu yake iliyovimba. Chiriku alimweleza kila kitu, na lile neno la uvivu pia.

"Mvivu akikaa huona raha," Mama alisema. "Umewahi kumwona baba yako akiona raha pale alipokaa? Daktari mmoja pale hospitali alituambia wako watu ambao kuanza jambo na kulimaliza ni mlima kwao, hata jambo wanalolipenda. Si uvivu wala ujinga. Zamani nilikuwa nakaa naye akifanya kazi. Siku hizi narudi nimekwisha, nalala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu." Akamgeukia mumewe. "Na wewe sikia. Ahadi ni deni. Mtoto wa watu angekosa mtihani. Ukiona mikono haiji, tuite. Usikae na aibu peke yako."

"Nimesikia," alisema Baba bila kuinua macho kutoka kwenye soli.

Jumatatu Kibibi aliingia chumba cha mtihani kwa miguu yake mwenyewe. Baba naye akaacha kupokea viatu vya watu wanaomwachia na kwenda zao. Ukitaka kiatu chako, kaa usubiri, mguu mtupu. Wengine walinuna, wengine wakazoea. Rafu ilipungua polepole, na siku nyingine haikupungua kabisa. Jina la Fundi Kesho halikufutika mara moja.

Jioni moja Chiriku alivua viatu vyake vilivyoachama, akaviweka mezani.

"Hivyo viache tu, mwanangu," Baba alisema kwa uchovu. "Nitavifanya ke..."

"Baba."

Chiriku alikaa kwenye kiti cha wateja, akakunja miguu mitupu, akafungua kitabu chake cha hesabu.

"Nasubiri," alisema. "Na nina haraka."

Baba alicheka kidogo, akanyoosha mkono, akachukua kisu.