Mwili wa Suti

Kompyuta ilikuwa ya moto kabla haijachomekwa kwenye umeme. Naomie aliweka kiganja juu ya kasha lake jeusi, akakiondoa, akakiweka tena. Jua hupasha upande mmoja. Joto hili lilikuwa pande zote, joto la chinichini, kama la paji la uso la mtoto anayeanza homa. Akajiambia ni safari ya pikipiki kutoka sokoni, akachomeka waya, akaanza kazi. Mtu aliyemaliza karibu akiba yake yote kununua kitu hatafuti kasoro siku ya kwanza.

Naomie Kabemba alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, hapa Kolwezi, alikotengeneza mabango, kadi za harusi na fulana. Harusi zilimpa sabuni. Ugali ulitoka kwenye vifo. Kufa kufaana, na katika mji uliozungukwa na mashimo ya shaba, hakuna wiki inayopita bila kilio. Familia huja na picha ya marehemu ikitaka bango kubwa la kutundika penye kilio, na juu ya bango marehemu lazima awe ndani ya suti. Sasa, mchimbaji wa miaka ishirini na miwili ataipata wapi picha ya suti? Anayo ya simu, kifua wazi, chupa mkononi. Basi fundi hukikata kichwa na kukipachika juu ya mwili wa mtu mwingine aliyevaa vizuri. Kila fundi wa mji huu ana mwili wake wa suti. Wa Naomie ulikuwa wa mume wake, Kalumba, dereva wa lori mgodini. Aliukata kwenye picha ya harusi yao, kwa kuwa hakuwa na picha nyingine ya mwanamume ndani ya suti iliyopigwa kwa kamera nzuri.

Kalumba alilifanya jambo hilo kuwa mzaha wa nyumbani. "Mi njo muntu balishazika mara mingi kupita bote mu Kolwezi," alikuwa akisema. "Na kila mara narudia ku nyumba, nakula bukari."

Kompyuta ya zamani ilikufa katikati ya bango la watu wa Lubudi, waliokuwa wamekaa nje wakisubiri. Siku ileile Naomie alichukua dola zake mia tatu na hamsini, akaenda kwa Tata Mbayo, mzee anayeuza kompyuta zilizotumika pale sokoni.

Tata Mbayo alimwekea tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, ya kupendeza macho. Naomie alifungua ndani yake faili la bango, ikaganda, wakabaki wanatazamana nayo.

"Ile ni ya kuandika barua," mzee alikiri.

Ya pili ilikuwa na kasi, lakini kioo chake kiliufanya wekundu wote uonekane kama udongo. Fundi wa rangi anayefanya kazi kwenye kioo kama hicho ni mpishi asiyesikia chumvi. Akaisogeza pembeni. Ya tatu ilikuwa kasha jeusi lenye kioo kikubwa. Bango lilifunguka kabla hajatoa kidole kwenye kitufe.

"Hii iko nguvu," Tata Mbayo alisema. "Ram seize, carte graphique yake mwenyewe. Utanipa mia tatu na makumi mbili."

"Juu ya nini bei iko chini vile, tata?"

Mzee alianza kufuta vumbi ambalo halikuwepo. "Mwenye yake alikuwa anafanya kazi sawa ya kwako, mama. Alishakufa. Famille inatafuta franga."

Hapo Naomie alipaswa kuuliza swali moja, swali ambalo kila mtu wa huku huuliza anaponunua godoro, koti, hata sufuria ya marehemu: kilio kilishamalizwa? Maana vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka ndugu wakae pamoja, wavunje matanga na kuvigawa mbele za watu. Kabla ya hapo bado ni vyake, na yeye bado yupo karibu navyo. Lakini tunauliza hivyo juu ya vitu vinavyogusa mwili. Juu ya kompyuta nani anauliza? Naomie aliuliza garanti.

Wiki ya kwanza mashine ilikimbia vizuri. Vichwa vitatu vilipata suti, familia tatu zikashukuru. Kitu pekee kilichomsumbua ni harufu: udongo mbichi wa chini kabisa, ule unaopanda na magunia kutoka mashimoni na kuacha ladha ya chuma kwenye ulimi. Alifungua kasha, akapuliza vumbi lote, akafunga. Harufu ikabaki. Na feni ya ndani haikuvuma kama feni nyingine. Ilivuta, ikatulia kidogo, ikatoa.

Jumatatu ya wiki ya pili alifungua faili la mwili wa suti. Picha za namna hii hujengwa kwa matabaka yanayolazwa moja juu ya jingine, kama karatasi za plastiki: chini mandhari, juu yake mwili, juu kabisa kichwa. Kila tabaka lina jina lake. Pale juu palikuwa na tabaka ambalo Naomie hakulitengeneza. Liliitwa MI, yaani mimi. Lilikuwa tupu, akalifuta. Jumanne lilikuwepo tena, na ndani yake kulikuwa na kivuli cha shingo.

Jioni hiyo Kalumba alirudi kazini ameshika koo. "Shingo inaniuma," alisema. "Ni kama muntu anaikata na wembe, polepole."

Jumatano simu yake, inayofunguka kwa kumwona uso, ilikataa kumfahamu. Wakacheka. Alhamisi mlinzi wa lango la mgodi aliitazama kadi yake yenye picha, akamtazama yeye, akaitazama tena kadi, akamwambia aende akamlete mwenye kadi. Miaka sita mlinzi huyo alikuwa akimwomba sigara. Kalumba alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Siku hiyo hakukuwa na mzaha.

Ijumaa walipokuwa mezani, mtoto wao Princesse, wa miaka minne, alimvuta mama yake kitenge.

"Mama," alinong'ona, "ule tata ni nani?"

Naomie alitaka kumkaripia, lakini kwanza alimtazama mume wake, na alipomtazama akaogopa kama hajawahi kuogopa maishani, kwa sababu macho yake hayakupata pa kushika: aliona nywele, aliona masikio, aliona shati alilolipiga pasi kwa mkono wake, lakini pale katikati, penye uso aliolala nao miaka saba, palikuwa na ukungu, kama picha ndogo iliyovutwa kuwa kubwa, na Kalumba alipogeukia dirisha ndipo uso uliporudi, umechoka, unamuuliza kwa nini analia.

Kesho yake asubuhi alimchukua waende wote kazini, kwa maana hakuthubutu kumwacha peke yake. Akamketisha kwenye kiti cha wateja, akawasha mashine. Tabaka la MI sasa lilikuwa na kidevu, midomo na pua, vimekaa sawasawa juu ya shingo ya Kalumba, na havikuwa vya Kalumba. Vilikuwa vya kijana. Macho tu ndiyo yalikosekana. Naomie alielewa kwamba kuna mtu anafanya kazi ileile aliyoifanya yeye mara nyingi, anapachika kichwa juu ya mwili usio wake, na anaifanya vizuri, bila haraka, kingo zote safi, na kwamba akimaliza macho, mume wake hatakuwa na mahali pa kurudi.

Akabonyeza kufuta.

Nyuma yake kiti kilianguka. Kalumba alikuwa sakafuni, mikono kooni, miguu ikipiga saruji, na harufu ya shimo ikajaa chumba kizima hata Naomie akakohoa. Na huku akikohoa vidole vyake vikatafuta vile vitufe viwili vinavyorudisha kilichofutwa, vikakosea, vikakosea tena, vikavipata, na tabaka likarudi na pumzi ya Kalumba ikarudi, lakini sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nyembamba, ya kijana, imejaa vumbi.

"Usinitoshe, usinifukuze, mama," ilisema. "Sina fasi ingine."

Kisha Kalumba akafumbua macho, akaomba maji. Hakukumbuka kitu.

Naomie alifunga duka, akamrudisha mume wake nyumbani kwa dada yake amwangalie, akaenda moja kwa moja kwa Tata Mbayo. Hakumsalimu.

"Machine ni ya nani?"

Mzee aliweka chini kitambaa chake. "Ya Mukalay," alisema. "Shimo ilimwangukia, iko miezi saba. Mwili haikuonekana. Ndugu yake alinileteya machine siku ya tatu."

"Na kilio ilishaisha?"

"Itaisha namna gani, mama? Bazike nini?"

"Ulijua, tata, na uliniuzisha."

"Nilijua," mzee alisema, akaanza tena kufuta meza.

Mama yake Mukalay aliitwa Mama Honorine. Naomie alimkuta ameketi kwenye mkeka uani, ndani ya nguo nyeusi zilizopauka kwa kufuliwa. Alimweleza yote, akitazama chini, akitegemea kufukuzwa. Mama Honorine alisikiliza hadi mwisho.

"Alivalisha bantu bote suti," alisema. "Yeye, hatuna hata picha yake moja. Ile machine alikuwa anailipa kidogo kidogo. Ilibakia kidogo tu, njo akasema atashuka mu shimo, siku mbili, amalize. Mwili ya bwana yako si yake. Amekosea mulango."

"Mama, nikitafuta mwili ingine, mwenye ile mwili ataisha sawa bwana yangu. Nitaweka ya nani?"

"Weka ya mi."

Naomie alikataa. Akasema watafute mchungaji, watafute mganga, kuna mmoja upande wa Tenke anayesifiwa. Mama Honorine alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka amevaa koti la suti la mwanawe juu ya nguo zake nyeusi, tai imefungwa vibaya, mikono ya koti ikifika kwenye vidole. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Alisimama mbele ya ukuta, akanyoosha mabega.

"Piga," alisema. "Alitoka mu hii mwili. Haitamukatala."

Naomie alipiga kwa simu, akarudia mara nne ili picha isitikisike. Wakapita kumchukua Kalumba, kwa maana Naomie alitaka kuona kwa macho yake. Kalumba alitembea katikati yao. Watu walimpisha bila kumtazama, namna wanavyopisha mti.

Kazini mama alivuta kiti karibu kabisa na mashine, akaweka mkono juu ya kasha lenye joto.

"Mukalay," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya kumwamsha mtu usingizini. "Mi niko hapa. Toka mu nyumba ya bantu. Kuya ku mi."

Naomie alivuta picha ya mama, akaikata kichwa. Alijua anachokifanya, na mikono yake ilijua vizuri zaidi, na hilo ndilo lililomtia kinyaa. Akauingiza mwili ule mdogo, wenye koti kubwa, chini ya tabaka la MI. Akauondoa wa Kalumba. Feni ilivuta pumzi na kuishikilia, ikaishikilia, mpaka Naomie akahisi kifua chake mwenyewe kinabana, na harufu ya udongo ikapanda kutoka sakafuni, magotini, kiunoni, kama maji yanavyopanda ndani ya shimo, na kwenye kioo uso wa kijana ukateremka kidogo, ukakaa, na macho yakajitokeza moja baada ya jingine. Yalikuwa macho mazuri. Yalimtazama mama.

Feni ilitoa pumzi na kusimama. Kasha likawa baridi.

"Naomie," Kalumba alisema nyuma yake, kwa sauti yake mwenyewe, "nasikia njala."

Naomie alimshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa wote, nyusi, pua, kovu la kidevu, akalia bila aibu. Alipogeuka kumshukuru Mama Honorine, mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa ameshaenda.

Kilio cha Mukalay kilimalizwa Jumamosi iliyofuata, picha ikishika nafasi ya mwili. Ndugu walikuja hadi wa kutoka Lubudi, wakakaa, wakagawana nguo na viatu, na mashine wakampa Naomie mbele ya watu wote, iwe yake kweli. Bango lilitundikwa ukutani: kijana ndani ya suti, anatabasamu kidogo. Watu walisema kazi ni safi. Kisha shangazi mmoja akauliza Mama Honorine yuko wapi, mwingine akasema hajamwona tangu juzi, wakaanza kuulizana, wengine wakatoka barabarani kumtafuta.

Mama Honorine alikuwa ameketi kiti cha mbele, chini ya bango, mikono magotini. Binti mmoja alipita na rundo la sahani akitafuta pa kuziweka. Akaziweka mapajani mwake, akaenda zake.

Naomie, aliyemkata pichani kwa mkono wake, peke yake alimwona; alisogea, akainama. "Mama," alinong'ona, "niwaambie?"

"Acha," mama alisema. Alikuwa akilitazama bango. "Yeye iko na fasi sasa. Acha vile."

Kalumba alikuja nyuma, amembeba Princesse begani, akashika mkono wa mkewe.

"Unasema na nani?" aliuliza.

Naomie aliutazama uso wa mume wake, mzima, kila kitu mahali pake. Mtoto alikuwa amelaza shavu begani mwake. Naomie akachukua zile sahani kutoka mapajani mwa mama, taratibu, asimguse.

"Hakuna muntu," alisema.