Pampu Chini ya Kitanda cha Tomaso

Alhamisi, tarehe 30 Juni 1983, saa tatu asubuhi, Sajini Margwe aliinama chini ya kitanda cha Tomaso, dereva wa kombaini katika shamba la ngano la serikali karibu na Basotu, akavuta gunia. Ndani mlikuwa na pampu ya dizeli iliyotafutwa tangu Jumanne. Kombaini ilikuwa imesimama siku ya tatu, ngano imekauka shambani, na mwezi ule wahujumu uchumi walikuwa wakikamatwa nchi nzima. Aliyemleta Sajini pale ni barua isiyo na jina, iliyotupwa ofisi ya chama.

"Labda kuna mtu ameiweka tu," alisema.

"Haiwezekani, afande," alijibu Perpetua, mke wa Tomaso. "Mlango una kufuli. Ufunguo ni mmoja, na hautoki shingoni mwangu."

Tomaso, aliyesimama mlangoni, hakusubiri kuulizwa. "Nimeiba mimi."

"Lini?"

"Jumanne, saa nane mchana. Nilifungua nati kwa spana, nikaitoa kwenye injini."

Sajini aliandika. Katika miaka kumi na moja ya kazi hakuwahi kuona mtu anayekimbilia kifungo namna ile.

Saa tano alikuwa karakana, akimbana fundi Gidamis, ambaye watu walimshuku tangu mwanzo.

"Pampu aliitoa Tomaso?"

"Hapana. Niliitoa mimi Jumatatu jioni, nikaiosha, nikaiacha hapa mezani. Jumanne nilipokwenda kula ikapotea."

"Tomaso alijua imetolewa?"

"Angejuaje? Jumanne ni siku yake ya mapumziko. Huondoka alfajiri na lori la Endasak."

"Nani aliingia hapa mchana ule?"

"Sikuona mgeni. Perpetua tu, anayetupikia uji, alikuja kuchukua vikombe."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza habari za uji, afande."

Basi Tomaso alikuwa amekiri wizi asioujua. Ijumaa, saa nne asubuhi, Sajini alishuka Endasak, akaonyeshwa nyumba anayofikia Tomaso. Ilikuwa ya Mwalimu Sulle, kapera wa miaka arobaini. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, na nyuma ya mlango lilining'inia koti la kazi la shamba la ngano.

"Mwalimu, Jumanne Tomaso alikuwa hapa?"

Sulle alikwenda kulifunga dirisha.

"Amekiri uhujumu. Watampeleka mbali."

Sulle aliketi.

"Alikuwa hapa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kila Jumanne, mwaka wa nne huu. Ukiandika hivyo, watauliza alikuja kufanya nini. Yeye ameona heri afungwe kwa pampu." Kisha akasema, "Lakini andika, afande. Nitatia sahihi."

Sajini alilitazama lile koti, akafunga daftari. "Kwanza nimalize habari ya ufunguo."

Saa kumi alasiri aliwakutanisha mume na mke kituoni.

"Mama, Tomaso hajui hata pampu ilitoka wapi. Karakana uliingia wewe. Ufunguo unao wewe. Nani mwingine angeificha pale?"

Perpetua aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani. "Na barua niliandika mimi," alisema. "Nilimfuata Endasak mwezi wa nne. Nilijua nitamkuta na mwanamke. Laiti ningemkuta na mwanamke! Ningepiga kelele, ningeita ndugu. Hili ningelisema kwa nani, kwa mdomo gani? Uhujumu naweza kuutaja."

"Afande, mwache," Tomaso alisihi. "Andika mimi. Miaka tisa ya ndoa nimemdanganya."

"Ninachopeleleza ni pampu," alijibu Sajini.

Wiki mbili baadaye, katika mahakama ya Katesh, Perpetua alikiri kuiba na kumsingizia mumewe, ambaye sasa alikuwa huru. Sulle alikaa benchi la nyuma, kofia mikononi.

"Kwa sababu gani?" aliuliza hakimu.

"Wivu, mheshimiwa."

"Wivu wa nani?"

Perpetua aligeuka, akamkazia macho Sulle.

"Kuna mwanamke wa Endasak," alisema. "Jina lake silijui."

Hakimu aliandika hivyo hivyo, akampa miezi minane. Tomaso alimfuata mkewe mpaka kwenye Landrova ya polisi na kifurushi cha nguo zake. Perpetua alikipokea bila kumtazama.