Jiwe Chini ya Tairi

Sylvester alikuwa dereva mzuri, na mtaani kwake Cheyo hakuna aliyembishia. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kesho. Kitu kikiharibika, atakitengeneza kesho. Na kesho ya Sylvester, jamani, haikuwa na tarehe.

Mwaka ule wa 1953 aliendesha lori la tajiri mmoja wa mjini Tabora. Alibeba nta na asali kutoka Sikonge mpaka kiwanja cha mnada, karibu na stesheni. Lori lilikuwa kuukuu. Breki ya mguu ilishika vizuri. Breki ya mkono ilikuwa imekufa tangu masika. Kwa hiyo Sylvester akisimama mahali, alishuka, akatafuta jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Basi, kwake kazi imekwisha.

Jirani yake, fundi Lukumani, hakuchoka kumwambia.

“Baba Ima, niletee lori hilo nilitazame.”

“Fundi, jiwe langu halijanitupa hata siku moja.”

“Jiwe si breki.”

“Kesho, fundi. Kesho naleta.”

Eustadia, mke wa Sylvester, aliyasikia hayo kila siku akiwa anakoroga uji, akacheka. Mambo ya lori hayakumhusu. Yake yalikuwa ni uji wa kuuza na binti yao Imakulata, waliyemwita Ima. Ima alikuwa na miaka miwili na miguu isiyojua kutulia.

Siku ya mnada Eustadia alibeba chungu chake, akamshika Ima mkono. Aliongozana na Zamda, mke wa fundi Lukumani, aliyekuwa akiuza vitumbua. Kiwanjani watu walikuwa wamejaa tele. Eustadia akamwachia Ima acheze.

“Mama Ima, mbona humfungi mgongoni?” Zamda akauliza.

“Aa, ni mzito sasa. Na watu wote hawa, atapotelea wapi? Kwetu Sikonge mtoto ni wa wote.”

“Hapa si kwenu, shoga. Hapa kila mtu anatazama mzigo wake.”

Eustadia alicheka tu. Kijijini kwao ilikuwa kweli. Mtoto akikaribia kisima, mama yeyote anamrudisha, na akilia njaa analishwa nyumba iliyo karibu. Alilelewa hivyo, na hakuona sababu ya kubadili.

Shida yake siku ile ilikuwa mafiga. Alikuwa amepata mawe mawili tu, na chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Mara akatokea mzee Masolwa, mrina asali wa Sikonge, aliyefika asubuhi hiyo juu ya lori la Sylvester. Alikuwa amekumbatia jiwe kubwa tumboni.

“Mwanangu, figa lako hili hapa.”

“Shikamoo, babu! Asante sana. Umelipata wapi?”

“Marahaba. Pale, lilikuwa limekaa tu.”

Jiwe lilikuwa na alama nyeusi upande mmoja. Eustadia akadhani ni masizi ya jiko la mtu mwingine. Akalipanga, chungu kikakaa sawasawa, moto ukawaka.

Kengele ya mnada ikalia. Lo! Watu walisukumana kama maji yaliyokata tuta. Wateja wakamzunguka Eustadia, huyu anataka uji, yule anadai ametangulia. Alipoinua kichwa, Ima hakuwepo.

“Zamda! Ima yuko wapi?”

“Si alikuwa hapo kwako?”

Akamuuliza muuza tumbaku. “Nilidhani yuko kwa mama wa vitumbua.” Akamuuliza muuza mikeka. “Amepita hapa sasa hivi. Nilidhani ana mtu.” Akauliza wa tatu na wa nne. Wote walikuwa wamemwona, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayemwangalia.

Upande wa juu wa kiwanja, wapagazi walikuwa wakipakia kwenye lori la Sylvester mizigo ya nta iliyonunuliwa, ipelekwe stesheni. Mzigo mmoja mzito ulitua kwa kishindo. Lori likalia kwaa, likaanza kurudi nyuma, polepole.

“Lori! Lori linarudi!” watu wakapiga kelele.

Eustadia akageuka. Nyuma ya lori, kivulini, palikuwa na gauni la buluu. Ima alikuwa amechuchumaa pale. Debe moja juu ya lori lilikuwa linavuja, asali inadondoka, naye anaikinga kwa kiganja na kulamba.

“Mwanangu! Jamani, mwanangu!”

Alitupa upawa, akakimbia. Alipiga watu vikumbo, kanga ikamdondoka, hakujali. Alijua kabisa kwamba hatawahi.

Aliyewahi ni fundi Lukumani. Alikuwa hapo karibu akitengeneza baiskeli ya mtu. Hakupoteza muda kupiga kelele. Alinyanyua sanduku lake la vyombo, la mbao nene, akalisukumiza chini ya tairi. Sanduku likapasuka, nyundo na spana zikaruka. Lakini lori likasita, na kusita huko kulitosha. Eustadia alimdaka Ima kwa gauni, wakaanguka wote wawili vumbini. Sylvester naye, aliyekuwa na wapagazi, akarukia ndani ya lori, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Lori likasimama. Tairi lilikuwa juu ya kidimbwi cha asali, pale pale alipokuwa amechuchumaa mtoto.

Ima akaangua kilio. Alikuwa analilia asali.

Sylvester alimwomba fundi akae akanyage breki badala yake. Akashuka, akainama kutazama nyuma ya tairi.

“Jiwe langu! Nani katoa jiwe langu?”

Eustadia aligeuza shingo, akatazama jiko lake. Chungu kilikuwa kinachemka juu ya mafiga matatu. Sasa aliielewa ile alama nyeusi. Hayakuwa masizi, ulikuwa mpira wa tairi.

Mzee Masolwa akaweka mikono kichwani. “Ni mimi, wanangu. Niliona ni jiwe tu.”

“Na mimi nimepikia, babu,” Eustadia akasema, akilia. “Nilikuuliza umelitoa wapi, ukaniambia pale, nami nikaridhika.”

Walipanga mawe mawili makubwa nyuma ya matairi, ndipo fundi akashuka.

“Mzee, usijilaumu,” akasema. “Jiwe halijaandikwa breki. Baba Ima, gia uliweka?”

“Sikuweka. Nilijua jiwe lipo.”

Lukumani akaingia chini ya lori, akamwita. “Njoo uone kwa macho yako. Waya huu ndio unaovuta breki ya mkono. Umekatika nyuzi, umebaki uzi mmoja. Lori tupu linaweza kutulia kwa jiwe, hata likakaa kidogo bila jiwe. Likipata mzigo linasukuma, na jiwe linateleza au linachukuliwa. Breki ya mkono ndiyo inayolishika lori wakati wewe hupo.”

“Tajiri atanifukuza nikisema lori lilale,” Sylvester akanong'ona.

Eustadia alisikia. Akasimama, Ima kamng'ang'ania shingoni.

“Akufukuze! Kazi nyingine utapata. Ima mwingine nitampata wapi mimi?”

Mchana ule ule Sylvester alikwenda kwa tajiri. Tajiri alifoka, akauliza mizigo ya Sikonge itakuja kwa kichwa? Sylvester hakubishana. Alimchukua mpaka kiwanjani, akamwonyesha sanduku lililopasuka na alama za vidole vya mtoto kwenye asali. Tajiri aliinama, akazitazama. Kisha akasema, “Litengenezwe.”

Lori lililala siku tatu. Lukumani alitia waya mpya, na Sylvester akaona kila kilichofanyika. Akafundishwa kulikagua kabla ya kila safari, breki zote mbili, usukani, matairi na taa. Akisimama, avute breki ya mkono, atie gia, kisha aweke kabari mbele au nyuma ya tairi, kule kunakoteremka. Kitu kikilegea, aseme siku ile ile. Fundi alichonga kabari mbili za mninga, akazipaka rangi nyekundu, akazifunga kwenye lori kwa mnyororo.

“Mnyororo wa nini?” Sylvester akauliza.

“Wa wapishi,” fundi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile wakacheka.

Zamda naye alikuja kukaa na Eustadia.

“Shoga, mila yenu si mbaya,” akamwambia. “Lakini kijijini anayesema mtoto ni wa wote anawajua hao wote. Kwenye umati mfunge mgongoni, au mshike mkono. Ukiwa na kazi ya mikono, mpe mtu mmoja, umtaje jina, naye aitike. Akitaka kuondoka akurudishie mkononi. Na umfundishe Ima kusema jina la baba yake na mtaa wenu.”

Jioni hizo Ima alizunguka uani akiimba, “Ima wa Sivesta, Cheyo! Ima wa Sivesta, Cheyo!” mpaka majirani wakaziba masikio.

Mnada uliofuata Eustadia alikuja na mafiga yake matatu kutoka nyumbani. Mzee Masolwa alipita karibu na lori, akazitazama kabari zile nyekundu, akauvuta mnyororo kidogo.

“Hizi hazipikiwi,” akasema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Kengele ilipokaribia kulia, Eustadia alimshusha Ima mgongoni. “Zamda, mpokee Ima mpaka nimalize wateja hawa.”

“Nimempokea,” Zamda akajibu, akamfunga mgongoni kwa kanga.

Kengele ikalia. Watu wakasukumana kama siku ile. Vumbi likatimka, Eustadia akawa haoni hata vitumbua vya jirani yake. Akaita kwa nguvu.

“Jamani, nani ana mtoto wangu?”

Mara hii hakuna aliyesema alidhani. Sauti moja tu ilijibu kutoka kwenye vumbi.

“Mimi ninaye.”