Ua Lisilopakwa Gundi

Wewe uliiona ile picha. Usigeuze uso. Uliiona, ukaikuza kwa vidole viwili, ukamrushia mwenzako ukauliza, "Huyu si yule mwalimu wa chekechea?" Siku mwalimu huyo, Otylia, alipoitwa mbele ya wazazi, ukajifanya unatafuta kitu mkobani. Mimi sisahau. Wazazi watatu walipiga kelele siku ile. Kumi na tisa waliangalia viatu vyao. Basi leo utatazama mpaka mwisho.

— Hili ua mbona halina gundi?

Jagna hakugeuka. Alikuwa ameinamia mashine ya kuchapia, mikono imejaa wino mwekundu mpaka viwikoni.

— Ua gani, mpenzi?

— Langu.

Mashine ikaendelea kutema karatasi, chapa, chapa, chapa. Jagna akaizima.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, mjini Łódź, Poland, kwenye chumba cha chini cha kiwanda cha nguo kilichokufa zamani. Humo ndimo wanawake wa jarida la *Sindano* wanamochapa mambo yao tangu ile Oktoba walipoandamana kwa nguo nyeusi na miavuli kupinga sheria ya kuzuia utoaji mimba. Wana sheria moja isiyovunjwa: hakuna uso unaochapwa bila ridhaa ya mwenyewe. Asiyetaka kuonekana anakata ua la karatasi kwa mkono wake na kuandika jina lake nyuma, kisha ua linabandikwa juu ya uso wake kwenye picha. Kazi ikiisha, maua yanabanduliwa na kutunzwa kwenye kopo la biskuti.

Kubandika ilikuwa kazi ya Jagna, kwa kuwa mpiga picha ni yeye.

Otylia alikuwa amefungua kopo atafute ua lake kwa ajili ya toleo jipya. Maua ya wenzake yote yalikuwa na magamba nyuma, gundi iliyokauka pamoja na vipande vya picha vilivyong'oka nayo. La kwake lilikuwa safi kama siku alipolikata.

— Uso wangu ulipotoka wazi kwenye jarida, uliniambia gundi ilikuwa mbovu. Ukaniambia lilidondoka ndani ya skana.

— Oti...

— Usiniite Oti. Gundi hata ikiwa mbovu inaacha alama. Hapa hakuna kitu, Jagna. Hapa kuna jina langu tu.

Pembeni, Bi Bronia, mkongwe wao wa miaka sitini na sita, alikuwa akishona migongo ya majarida. Akaweka sindano chini.

— Wanangu, nikachemshe chai?

— Kaa, Bi Bronia. Sheria uliitunga wewe. Kaa usikie.

— Nakaa. Ila kama ni ya kurushiana vitu, msiguse hiyo mashine. Ina umri mkubwa kuliko akili zenu.

Hakuna aliyecheka. Jagna alijifuta mikono kwenye aproni, akawa anapaka wino pale palipokuwa safi.

— Sikulibandika, akasema.

— Rudia.

— Sikulibandika. Nililishika mkononi, nikaiangalia ile picha, nikashindwa. Ulikuwa unacheka, Otylia. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Miaka minne nakubusu jikoni, tukitoka mtaani tunatembea kama mtu na mpangaji wake. Nilichoka kupenda mwanamke asiye na uso.

— Uso nilikuwa nao. Ulikuwa unauona kila asubuhi.

— Nilidhani ukishaonekana utagundua hakuna kinachoanguka.

— Kilianguka.

Kilianguka saa mbili na nusu ya Jumatatu moja, baada ya kile kikao cha wazazi, katika ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye mji mdogo wa kwao Otylia, nusu saa kwa treni kutoka Łódź. "Mwalimu Otylia, mimi binafsi sina tatizo na wewe. Lakini wazazi wameiona ile picha, na unawajua wazazi." Miaka kumi na moja ya kufunga kamba za viatu na kufuta kamasi ikaishia kwenye sentensi hiyo. Alitolewa kwa mlango wa jikoni ili watoto wasimwone. Ishirini na wawili, hakumuaga hata mmoja.

Na nani alimngojea stesheni, akamkumbatia, akamfuta machozi? Jagna. Nani alimwambia, "Twende Copenhagen, kule tutaandikishwa ndoa kama watu wengine"? Jagna huyo huyo. Otylia alikubali kwa sababu, kama alivyomwambia mama yake, huyu ndiye mtu pekee ambaye hakuangalia viatu.

Tiketi zilikuwa za Ijumaa.

— Ungeniambia lini? Baada ya kusaini?

Jagna akaanza kukusanya karatasi zilizotemwa na mashine.

— Mimi nilikamatwa mwaka themanini na tatu, Bi Bronia akasema, kama anayezungumza na uzi. — Kwa vikaratasi vya kuipinga serikali tulivyokuwa tunachapa chini ya kitanda. Polisi hawakunipata kwa ujanja wao. Rafiki yangu alinitaja mbele za watu, ananisifu. Alisema nastahili kujulikana. Nikajulikana miezi saba, gerezani.

— Ulimsamehe? Jagna akauliza haraka.

— Nilimsalimia.

Otylia akaliweka ua ndani ya kava la simu yake, akachukua koti, akaenda kwa mama yake.

Mama hakuuliza kitu siku tatu. Alimpikia supu ya matango machachu, akamwangalia akiikoroga mpaka inapoa. Jumanne uvumilivu ukamwisha.

— Hebu niambie. Ijumaa unakwenda au huendi? Ile nguo yako ya kijani ya ndoa niipige pasi au niiache?

— Sijui, mama.

— Basi naipiga. Nguo iliyopigwa pasi haimlazimishi mtu.

— Hukumpenda Jagna tangu mwanzo. Furahi basi.

— Simpendi kwa sababu anakula bila kuosha mikono. Kwa mengine, nilikuwa nimeshamzoea.

Jumatano ujumbe ukaingia.

"Nimefanya jambo la kurekebisha. Utaliona Ijumaa. Jukwaa la tatu, behewa la sita, saa tano na dakika kumi. Nitasimama pale hata usipokuja."

Otylia aliusoma akiwa kitandani kwake kwa zamani, chini ya rafu yenye zawadi za watoto: konokono wa udongo, sanamu ya mama mwenye miguu mitatu, moyo wa pamba. Alilia mpaka mama akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Mwanamke huyo hakuwahi kuwa na maneno ya faraja, ila alikuwa na mikono.

Ijumaa alivaa nguo ya kijani.

Jagna alimwona kutoka mbali, akaanza kulia kabla hajafikiwa. Safari hii mikono yake ilikuwa safi, kucha zimesuguliwa mpaka zikawa nyekundu.

— Umekuja.

— Nimekuja.

— Kabla hujasema chochote, tazama.

Akampa toleo jipya la *Sindano*, bado linanuka wino. Ukurasa wa kwanza ulikuwa uso wa Jagna, mtupu, bila ua, na chini yake jina lake lote. Kisha barua ndefu: *Nilimwanika mwanamke niliyempenda.* Otylia akasoma amesimama, abiria wakimpita na masanduku. Yote yalikuwamo. Miaka minne. Chekechea. Mlango wa jikoni. Machozi ya stesheni. Mama asiye na maneno ya faraja. Hata konokono wa udongo.

— Sikujitetea popote, Jagna akasema. — Kila neno ni kweli. Wajue wote ni mimi.

— Uliniuliza?

— Nini?

— Humu kuna machozi yangu. Kuna mama yangu, kuna watoto wangu. Uliniuliza?

Jagna akafungua mdomo. Treni ilikuwa inaingia kwa kelele, na alishukuru kelele ile.

— Nilitaka kuungama.

— Ungeniungamia mimi. Umewaungamia wao, kwa kutumia mimi. Umezichapa ngapi?

— Mia tatu. Ziko kwenye masanduku, hazijatoka. Nakuapia hazijatoka.

— Basi una kazi.

— Na sisi?

Otylia akanyoosha mkono, akamweka sawa kola ya koti, kama alivyokuwa akiwaweka sawa watoto kabla ya kwenda uwanjani.

— Nilikuja nimevaa, Jagna. Nilikuwa napanda treni hii. Nataka ulijue hilo.

Behewa la sita likaondoka na viti viwili vitupu.

Jumapili jioni simu ya Otylia ikalia mara moja.

"Nimeukata ukurasa kwa kisu, nakala zote mia tatu, moja moja. Wenzangu nimewaambia nimekosea, sikusema zaidi. Siombi kitu."

Otylia akasoma mara mbili. Akaandika: "Nimeona." Akaliangalia lile neno, akatafuta la kuongeza, hakulipata. Akatuma hivyo hivyo. Nguo ya kijani mama aliitundika kabatini bila kuikunja.

Hadithi hii Otylia aliisoma kabla yako. Alifuta mistari miwili, majina akachagua yeye. Nilimuuliza, ndiyo maana unaisoma.

Sasa wewe uliyeangalia viatu. Ile picha bado iko kwenye simu yako. Usibonyeze moyo hapa chini, usiniandikie "inasikitisha." Fungua simu, ifute, na uliyemtumia mwambie aifute. Kisha kaa chini uandike kwa mwalimu mkuu, jina lako kamili juu, kwamba wewe ni mzazi na unamtaka Mwalimu Otylia arudi darasani. Kumi na tisa mnawazidi watatu. Andika leo, kabla hujaweka simu chini.