Rahabu na Video Iliyokatwa

Msimu wa kukamua alizeti ukifika Kinampanda, foleni ya mashine ndiyo baraza la akina mama. Kila mmoja anakalia gunia lake, na hakuna jambo linalopita bila kujadiliwa.

Mwaka huo walimjadili Bi Janeth, mgombea wa umakamu wa rais. Kwa kuwa ni mwanamke, maneno hayakuisha. Redioni mtangazaji alimuuliza nani anampikia mumewe. Gazeti lilieleza kilemba chake, likasahau sera zake. Na akina mama nao, Mungu awasamehe, wakashika hichohicho kilemba.

Rahabu alikuwa na lake. Aligombea uenyekiti wa kikundi chenye mashine ile, akishindana na mwanaume mmoja, Alute. Aliutaka uenyekiti kwelikweli, maana foleni ilikuwa na upendeleo. Wajane walirukwa kila msimu.

Siku moja alitumiwa kipande cha video. Bi Janeth alionekana akisema, "Alizeti haina faida. Bora mlime kitu kingine." Rahabu akapandwa na hasira. Hakujiuliza mara mbili. Akawaonyesha wenzake palepale kwenye foleni.

"Mnaona?" alisema Emiliana, ambaye sauti yake hushindana na mashine. "Mwanamke akipata cheo anatusahau."

"Na Rahabu je?" mwingine akadakia. "Si atakuwa hivyohivyo? Mimi kura yangu nampa Alute."

Wengi wakaitikia. Rahabu akaizima simu. Video aliyoileta mwenyewe ilikuwa imemnyang'anya kura.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Mama Damari, aliyewahi kufanya kazi redioni Singida mjini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

Rahabu akamweleza yote, akampa simu. Mama Damari akaitazama video, kisha akauliza, "Hii kakutumia nani?"

"Imetoka kwenye kundi fulani tu."

"Aliyasema haya wapi? Lini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui wapi, hujui lini, halafu umewaonyesha watu foleni nzima?"

Rahabu akainamisha uso. Aliona aibu sana.

Mama Damari akaitafuta hotuba yote kwenye ukurasa wa redio. Wakaisikiliza pamoja. Bi Janeth alikuwa amesema, "Wapo wanaotuambia, 'Alizeti haina faida. Bora mlime kitu kingine.' Mimi siwakubalii. Alizeti ndiyo iliyonisomesha."

"Kumbe wamemkata," alisema Rahabu.

"Wamekata mbele na nyuma. Sasa sikiliza. Kumpa kura au kumnyima ni hiari yako. Lakini mpime kwa aliyosema kweli. Na swali unalomuuliza mwanamke, muulize na mwanaume. Likionekana la kijinga kwa mwanaume, basi ni la kijinga kwa wote."

Asubuhi Rahabu alirudi kwenye foleni, ingawa hakuwa na gunia la kukamua.

"Jana niliwaletea uongo," alisema. "Naombeni radhi. Sikilizeni hotuba yenyewe."

Walisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Na mimi niulizeni mnachotaka kujua."

Wakamuuliza habari ya foleni. Akajibu kwamba kila gunia litapewa namba, na hakuna atakayerukwa. Wakamuuliza habari ya mashudu, makapi ya alizeti wanayolishwa mifugo. Akajibu kila mtu ataondoka na ya kwake. Emiliana hakuridhika.

"Na ukiwa kwenye mikutano, nani atampikia mumeo Gasto?"

"Nitajibu," Rahabu akatabasamu. "Lakini Alute yuko hapa, naye anagombea. Aanze yeye. Akiwa kwenye mikutano, nani atampikia mkewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Alute akakuna kichwa.

"Mimi hata chai sijui kupika," akakiri.

"Basi mume wangu anajua," alisema Rahabu. "Tena ugali wake wa mtama unaushinda wangu."

Rahabu alishinda uchaguzi. Siku hizi video ikiingia kwenye simu, Emiliana ndiye wa kwanza kuuliza mwanzo wake uko wapi. Na magunia ya wajane hukamuliwa namba yao inapofika.